Kutoka Barazani hadi Kikaoni: Mzaha wa Papo kwa Hapo na Haki ya Kujibu

Utangulizi

Katika Taarifa Rasmi za Bunge la Tanzania, msomaji hukutana mara kwa mara na neno moja lililofungiwa ndani ya mabano: Kicheko. Pengine huandikwa pamoja na neno Makofi. Mwandishi wa taarifa hizo halazimiki kueleza wabunge walicheka nini, wala kwa nini. Kazi yake ni kuonyesha kwamba mahali hapo, baada ya neno hili na kabla ya neno lile, watu walicheka. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa baadaye huupata wakati wa mzaha bila ya kuupata mzaha wenyewe, kwani mara nyingi maneno yaliyotangulia mabano hayo, yakisomwa kimya chumbani, hayachekeshi hata kidogo. Kumbukumbu za vikao vya ofisini ni kavu zaidi. Humo hamna hata mabano.

Hali hii inapaswa kumshughulisha mhakiki wa fasihi simulizi. Vitendawili, methali, ngano na nyimbo vimekusanywa na kuainishwa kwa bidii, lakini mzaha unaozuka ghafla mkutanoni umeachwa nje ya tanzu kwa sababu hauna matini inayoweza kuhifadhiwa. Pale unapotajwa, huelezwa kwa haraka kuwa ni kipawa cha msemaji: fulani ana ulimi mwepesi, fulani ni mcheshi wa kuzaliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Mzaha wa papo kwa hapo huzaliwa na kipawa, ni kweli, lakini wakati wake hutayarishwa na mpango wa mkutano wenyewe, yaani nani ameruhusiwa kukatiza, nani anatarajiwa kucheka, na juu ya yote, nani ana haki ya kujibu. Kwa kuifuata haki hiyo ya kujibu kutoka baraza la kale hadi kikao cha ofisi ya leo, inawezekana kupata kipimo cha kuuhakikia mzaha ambacho ni imara zaidi kuliko ukubwa wa kicheko.

Wakati katika taaluma ya balagha

Suala la wakati si geni katika taaluma ya balagha. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Rhetoric, anamtaja Gorgias kuwa ndiye aliyeshauri kwamba uzito wa mpinzani uvunjwe kwa kicheko, na kicheko chake kivunjwe kwa uzito. Ushauri huu unauchukulia mzaha kuwa ni jambo la zamu. Hauna maana isipokuwa mbele ya mtu mwingine ambaye amekwisha kusema, na ambaye atasema tena.

Cicero aliliendeleza suala hili kwa kina katika kitabu cha pili cha De Oratore, alichokiandika mnamo mwaka 55 K.K. Katika mazungumzo hayo, ambayo ameyaweka katika mwaka 91 K.K., sehemu inayohusu mzaha amepewa Caesar Strabo, mtu aliyesifika kwa ucheshi katika Roma ya wakati wake. Msemaji huyu anakiri tangu mwanzo kwamba ucheshi haufundishiki, kisha anaeleza mambo mawili yenye manufaa kwa mjadala huu. Kwanza, kinachomtenga msemaji mwenye heshima na mchekeshaji wa karamuni ni kujua wakati, kujizuia, na kutofanya mzaha mara kwa mara. Pili, mzaha wa kujibu una thamani kuliko mzaha wa kuanzisha. Anayejibu huonyesha wepesi wa akili, na pia huonyesha uungwana, kwa sababu yaelekea angalinyamaza kama asingalichokozwa.

Hoja hii ya pili haijapewa uzito unaostahili. Inatuonyesha kwamba hata katika Roma, ambako waliosema hadharani walikuwa ni wachache wenye cheo, mzaha uliheshimiwa zaidi ulipokuwa ni jibu. Karne nyingi baadaye Mary Douglas, katika makala yake ya mwaka 1968, alidai kwamba mzaha hauonekani kuwa mzaha, wala haukubaliwi, isipokuwa pale ambapo umbo lake linalingana na umbo la mahusiano ya jamii inayousikia. Kwa maneno mengine, anayetaka kujua kwa nini watu walicheka hana budi kutazama jinsi walivyokuwa wamekaa.

Baraza la kale na jibu la Abunuwasi

Neno baraza lenyewe lina historia inayofaa kuzingatiwa. Kwa asili ni kibao cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba ya mji wa Kiswahili, mahali pa kuketi wageni na majirani bila ya kuingia ndani. Kutokana na mahali, neno likahamia kwa watu waliokaa mahali hapo, na kutokana na watu likahamia kwa mazungumzo yao. Waliokaa kibao kimoja walikaa bega kwa bega. Hata hivyo, haifai kulipamba baraza hilo kupita kiasi. Lilikuwa ni la wanaume hasa, na miongoni mwao uungwana na umri vilikuwa na uzito wake. Wanawake walikuwa na makutano yao, na mizaha yao, ndani ya nyumba na katika shughuli za arusi.

Kumbukumbu bora ya mzaha wa barazani imo katika hadithi za Abunuwasi. Mtu wa historia aliyebeba jina hilo, Abu Nuwas, alikuwa mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Masimulizi ya Waswahili yamemgeuza kuwa mjanja anayesimama mbele ya Sultani. Katika kisa kimoja mashuhuri, tajiri anamshitaki maskini aliyekula chakula chake kikavu huku akinusa harufu ya nyama ya tajiri. Sultani anahukumu kwamba maskini alipe. Abunuwasi anaingilia kati, anazigonga fedha ili zilie, kisha anamwambia tajiri kwamba harufu imelipwa kwa mlio.

Kisa hiki mara nyingi hufundishwa kama mfano wa ujanja. Linalostahili kusisitizwa hapa ni wakati. Mzaha unatokea baada ya hukumu kutolewa na kabla ya malipo kufanyika, katika nafasi nyembamba ambayo mamlaka yamekwisha kusema lakini hayajatenda. Abunuwasi hapingi kauli ya Sultani; anaikubali na kuitimiza kwa namna ambayo inaondoa madhara yake. Kicheko cha baraza zima ndicho kinachomzuia Sultani asimkasirikie. Mnyonge hapa amepata jibu, ingawa amelipata kwa kupitia kinywa cha mwingine.

Ushairi wa majibizano nao unashuhudia thamani ya jibu. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu takriban 1776 hadi 1840, zilikuwa sehemu ya mabishano ya mji wake na miji jirani, hasa Lamu, katika zama za utawala wa Wamazrui. Kejeli katika tungo za aina hiyo ilitumwa ikitarajia kurudishwa. Ni Mwalimu Sikujua aliyezikusanya nyingi ya tungo hizo mwishoni mwa karne ya 19 kwa kushirikiana na W. E. Taylor, na ni kwa sababu ya maelezo yaliyohifadhiwa pamoja nazo ndipo wahariri wa baadaye, W. Hichens mwaka 1940 na M. H. Abdulaziz mwaka 1979, walipoweza kuzifungamanisha na matukio yake. Bila ya maelezo hayo, nyingi zingalitufikia kama yale mabano ya Bunge: tungejua kwamba kuna aliyechomwa, tusijue kwa nini.

Utani na ruhusa ya pande mbili

Mahali ambapo haki ya kujibu imewekewa kanuni zilizo wazi kabisa ni katika utani. Wataalamu wa elimu ya jamii waliuandikia sana. R. E. Moreau aliuchunguza katika Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940, na A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliueleza kuwa ni uhusiano ambao mtu huruhusiwa, na pengine hulazimika, kumtania mwenziwe, naye mwenziwe halazimiki tu bali hutakiwa asikasirike. Katika Tanzania utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, huhusishwa na historia ya misafara ya karne ya 19 iliyowakutanisha watu wa bara na wa pwani, na mwingine huhusishwa na vita vya kale ambavyo uadui wake uligeuzwa kuwa maneno. Katika Kenya utani wa aina hiyo haukuenea kwa kiasi hicho, lakini utani wa babu na mjukuu unajulikana katika jamii nyingi, na kila Mkenya aliyekulia kijijini amewahi kusikia bibi akimwita mjukuu wake wa kiume mume wake.

Mfano ulio mgumu kwa mtu wa nje ni ule wa msibani. Mtani hufika wakati waliofiwa wanalia, akaigiza mwendo wa marehemu, akadai deni ambalo halikuwako, au akajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Kwa kipimo cha kawaida, huo ndio wakati usiofaa kuliko nyakati zote. Hata hivyo mzaha huo hupokewa. Sababu yake si kwamba mtani ana kipawa kuliko wengine. Pengine hana kabisa. Sababu ni kwamba ruhusa yake imetangulia kufika kabla yake. Aidha, mtani huyo huyo ndiye anayetarajiwa kushika jembe na kuchimba kaburi, na siku msiba utakapomfika yeye, wale aliowatania watakuja kumrudishia. Mzaha wake una jibu linalongojea.

Miongoni mwa Waluo, desturi ya pakruok inaonyesha njia nyingine ya kuipanga haki hiyo. Katika tafrija, mhudhuriaji humkatiza mwanamuziki kwa kutoa fedha, akajisifu au kumsifu rafiki yake kwa maneno ya ucheshi, kisha muziki ukaendelea mpaka mwingine akatize kwa sifa zinazoshinda zile za kwanza. Maneno huzuka papo hapo, lakini pengo la kuyaingiza maneno hayo limekubaliwa na wote tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba hapa zamu hununuliwa, na asiye na senti hubaki kuwa msikilizaji.

Mifano hii inaonyesha kwamba mazoea ya kusifu mzaha kwa sababu umezuka bila matayarisho yanaficha nusu ya habari. Maneno hayakutayarishwa. Mahali pa maneno palitayarishwa, tena kwa vizazi.

Baraza la serikali na karatasi iliyowekwa kando

Ukoloni ulilichukua neno baraza na kulipa kazi nyingine. Baraza la chifu na la mkuu wa wilaya likawa ni mkusanyiko ambao watu waliitwa wahudhurie, wakasimama au kuketi chini mbele ya mtu aliyeketi kitini. Katika Kenya sheria ya machifu ilidumu na mamlaka yake makubwa hata baada ya uhuru, mpaka ilipopunguzwa makali katika marekebisho ya mwaka 1997. Baraza la namna hii lilikuwa na vicheko pia, lakini mkondo wake ulikuwa umebadilika. Mzaha ulishuka kutoka kitini, na kicheko kikapanda kutoka chini. Pale ulipopita kwa mkalimani, ulifika ukiwa umechelewa, na watu wakacheka kwa kuwa wameona mkubwa anacheka.

Hotuba za kitaifa baada ya uhuru ziliurithi mpango huu kwa namna inayohusu lugha moja kwa moja. Katika zama za Jomo Kenyatta (1963–1978) na za Daniel arap Moi (1978–2002), ilikuwa ni kawaida katika sikukuu za taifa hotuba rasmi kusomwa kwa Kiingereza, kisha kiongozi akaiweka karatasi kando na kuzungumza na umma kwa Kiswahili bila maandishi. Hapo ndipo umati ulipochangamka, na hapo ndipo mzaha ulipopata nafasi. Mhakiki wa Kiswahili anaweza kuona fahari katika jambo hili, kwamba Kiswahili ndicho kilichokuwa hai. Lakini kuna upande wa pili. Mgawanyo huo uliifanya sera kuwa ya Kiingereza na kicheko kuwa cha Kiswahili. Isitoshe, mzaha wa jukwaani haukuwa na jibu. Aliyetaniwa mbele ya maelfu alitabasamu, akangoja kuona kama ule ulikuwa ni mzaha au ni onyo. Methali isemayo mzaha mzaha hutunga usaha ilikuwa na maana ya pekee kwa waliokaa viti vya mbele. Jibu lilikuja kwa kuchelewa sana, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati kundi la Redykyulass lilipoanza kumwigiza Rais hadharani, nalo taifa likacheka kicheko kilichokuwa kimelimbikizwa kwa miaka mingi.

Julius Nyerere anatoa mfano wa kulinganisha. Katika hotuba zake za mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa Tanzania tangu kurudishwa kwa vyama vingi, kama ile ya Mei Mosi mjini Mbeya, husikika akiuliza swali, akanyamaza, akauacha umati ujibu kwa kicheko au kwa sauti, kisha akaendelea kutoka pale umati ulipomfikisha. Kunyamaza huko ni sehemu ya ufundi wa wakati. Hakukuondoa tofauti ya cheo kati ya msemaji na wasikilizaji, na si sahihi kukuita mazungumzo ya walio sawa. Hata hivyo kulikuwa na pengo ndani yake, na pengo hilo lilikuwa ni la wasikilizaji.

Bunge nalo, pamoja na ukali wa kanuni zake, limehifadhi kitu ambacho jukwaa limekipoteza. Mbunge aliyechokozwa anaweza kusimama na kuomba kutoa taarifa au kuomba mwongozo wa Spika, na katika Kenya anaweza kuleta hoja ya nidhamu. Kanuni hizi hazikuwekwa kwa ajili ya mzaha, lakini mara nyingi ndizo zinazoufungulia mlango. Mabano ya Kicheko hufuatana mawili au matatu katika ukurasa mmoja kwa sababu kila aliyechekesha amejibiwa.

Kikao cha ofisini

Kikao cha ofisini kimerithi kiti cha baraza la serikali bila ya kurithi kanuni za Bunge. Kina mwenyekiti, jina ambalo lenyewe linasema kiti ni cha nani, na kina ajenda inayoanzia yatokanayo na kikao kilichopita na kuishia mengineyo. Mtu yeyote aliyehudhuria vikao vingi anajua kwamba mizaha hulegea zaidi katika mengineyo, wakati maamuzi yamekwisha kupita.

Uchunguzi wa Rose Coser, uliochapishwa Marekani mwaka 1960, ungali na manufaa hapa. Coser aliifuatilia mikutano ya wafanyakazi wa hospitali ya magonjwa ya akili na kuona kwamba madaktari wakubwa ndio waliofanya mizaha kwa wingi, na kwamba walio chini yao hawakumlenga kwa mzaha mkubwa yeyote aliyekuwapo mkutanoni. Mizaha ya wadogo ilielekezwa kwa wagonjwa, au kwao wenyewe. Haiwezekani kusema kwamba ucheshi ulikuwa umegawanywa na Mungu kwa kufuata vyeo vya hospitali. Kilichogawanywa kwa kufuata vyeo ni ruhusa.

Katika ofisi za Afrika Mashariki jambo hili lina tata ya ziada, kwa kuwa utani haukufa. Umeingia ofisini pamoja na watu. Watani wa makabila wakikutana katika kikao cha Tanzania, karani anaweza kumtania mkurugenzi mbele ya wote, na mkurugenzi akalazimika kucheka, kwa sababu katika nukta hiyo uhusiano wa kale umekipita cheo. Pale ambapo hakuna utani wa namna hiyo, mtu wa chini hana ngao. Akinyamaza ataonekana amenuna. Akijibu ataonekana hana adabu. Hubakia na njia moja tu, nayo ni kucheka.

Vyuo vikuu havikusalimika. Mwanafunzi wa uzamili anayewasilisha pendekezo la utafiti mbele ya jopo huingia na karatasi yake, na mara nyingi kicheko cha kwanza cha asubuhi hiyo hakitoki kwake. Mzaha wa mwanajopo unaweza kuupunguza woga wake na kumfungua ulimi. Mzaha ule ule, ukitamkwa kabla hajamaliza kueleza swali lake la utafiti, unaweza kuifanya hoja yake isisikike tena siku hiyo. Maneno hayakubadilika. Kilichobadilika ni kama aliachiwa nafasi ya kusema baada yake.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mzaha wa papo kwa hapo una historia, na kwamba historia hiyo inaweza kufuatwa hata pale maneno yenyewe yalipopotea. Katika utani, ruhusa ya kuchekesha ilikaa katika uhusiano wa watu, na kwa hiyo ilikuwa ya pande mbili. Katika baraza la serikali na warithi wake, ruhusa imehamia kwenye kiti. Mabadiliko haya hayakuwa kamili, kama linavyoonyesha Bunge na kama wanavyoonyesha watani wanaokutana kikaoni, lakini mwelekeo wake ni bayana.

Kwa mhakiki, matokeo ni mawili. La kwanza linahusu mbinu. Haitoshi kurekodi mzaha na kuusifu ufundi wake. Sharti irekodiwe pia kauli iliyotangulia na kauli iliyofuata, na kama hakuna iliyofuata, ukimya huo uandikwe. La pili linahusu hukumu. Mzaha uliofanikiwa hupimwa kwa desturi kwa kicheko kilichoufuata, lakini kicheko kinaweza kuwa ni utii. Kipimo kilicho bora ni kutazama kama aliyetaniwa angaliweza kurudisha neno, na kama angalirudisha, wangalicheka pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kwa hiyo hakuna tena sababu ya kisheria ya kukiachia Kiswahili mengineyo tu. Kitakapotumika katika ajenda nzima, mzaha wake nao utapata uzito mwingine, kwa kuwa utakuwa unasemwa mahali ambapo mambo yanaamuliwa, na ambapo jibu lake litapaswa kuandikwa katika kumbukumbu.